Waya watua Mombasa, mbona video bado yaganda?

Kati ya saa mbili na saa nne za usiku ndipo simu za Pwani zinapofanya kazi ngumu zaidi. Huyu atazama mpira, yule afuata tamthilia ya Kituruki, watoto wako kwenye katuni, na kina mama wana harusi ya jamaa inayorushwa kutoka Muscat. Na ni saa hizo hizo ambapo kiduara huanza kuzunguka katikati ya kioo. Picha yaganda, sauti yakatika, na bando laendelea kwisha.

Kazi yangu ni kupiga video na kurusha shughuli mubashara mtandaoni: harusi, mikutano, mashindano ya mtaani. Kwa hivyo swali hili naulizwa karibu kila juma. Majibu ya barazani ni mengi. Kuna wasemao simu ni ya zamani, kuna wasemao kampuni yatuibia, na kuna wasemao intaneti yatoka mbali, lazima ichoke njiani. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini tatizo lenyewe liko pengine. Leo nataka kuifuata video kutoka inapohifadhiwa hadi kwenye kiganja chako, ili tuone inakwama wapi na pesa zako zaenda wapi. Anayejua hayo huamua mwenyewe ni kiasi gani atumie. Asiyejua huamuliwa na programu ya simu, na bado yeye ndiye alipaye.

Bahari haina makosa

Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kutoka nje. Ilikuwa ghali na nzito. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa. TEAMS yatoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000 kutoka hapa. EASSy ikafuata mwaka 2010, LION2 mwaka 2012, na nyengine zimeongezeka tangu hapo.

Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Habari hupita humo kwa umbo la mwanga, kwa kasi ya kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kutoka Fujairah hadi Mombasa ni kama sehemu moja ya arubaini ya sekunde. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi ya huo.

Isitoshe, video nyingi tunazotazama hazivuki bahari kila mara. Google, wenye YouTube, na Netflix huweka kompyuta za akiba ndani ya mitandao ya makampuni ya intaneti katika nchi nyingi. Video inayopendwa huletwa mara moja, ikawekwa hapo, kisha kila aitakaye huchotewa kutoka karibu. Ni kama leso: ukitaka jozi huendi kiwandani India, waenda Biashara Street ambako mzigo umeshaletwa.

Kweli, nyaya zikikatika twaumia. Mwezi wa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota hapa Kenya na Tanzania kwa siku kadhaa. Lakini hilo ni jambo la mara moja moja. Kiduara cha kila usiku kina sababu yake nyengine.

Mzigo uliofungwa vizuri

Video ni picha nyingi zinazofuatana upesi, aghalabu 25 au 30 kwa sekunde, hata jicho likadanganyika kuwa kuna mwendo. Kila picha ni nukta za rangi. Ile picha safi inayoitwa 1080p ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kama kila nukta ingetumwa kwa ukamilifu wake, picha 25 zingekuwa na uzito wa MB 155 hivi. Hiyo ni sekunde moja tu. Bando la GB 1 lingekwisha kwa sekunde 6, hata bi harusi hajatoka mlangoni.

Kinachotuokoa ni ufundi wa kubana. Mtangazaji wa habari akiwa amekaa, ukuta nyuma yake haubadiliki. Basi haina haja ya kuutuma ukuta ule ule mara 25 kwa sekunde. Hutumwa picha moja kamili, kisha kinachofuata ni mabadiliko tu: midomo, macho, mkono uliosogea. Kwa hila hizo na nyenginezo, zile MB 155 hushuka hadi karibu nusu MB, yaani mzigo umepunguzwa mara 300.

Ndio maana video zinazolingana kwa muda hazilingani kwa uzito. Mawaidha ya mtu aliyeketi ni mepesi kubana. Mpira, mawimbi ya bahari au uwanja wa ngoma ambapo kila kitu chatikisika, hubanika kwa shida, na ukilazimisha picha huwa na madoadoa ya mraba.

Njia ya kubana iliyoenea zaidi, H.264, ni ya mwaka 2003. Zilizokuja baadaye, kama HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018, zabana zaidi kwa ubora ule ule. Lakini simu yako lazima ijue kufungua mzigo uliofungwa hivyo. Simu ya zamani hupelekewa mzigo wa mtindo wa kale, ulio mzito. Hapo wale wasemao simu ni ya zamani wana haki kidogo.

Vipande na ngazi

Sasa video imebanwa. Hutumwaje? Watu wengi hudhani ni mfereji uliofunguliwa, maji yakawa yatiririka mfululizo. Hata neno lenyewe, kutiririsha, lasema hivyo. Kwa kweli ni madumu. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi kati ya 2 na 10, na simu huviitisha kimoja baada ya chengine. Apple walianza kutumia mtindo huu katika simu zao mwaka 2009, na mwaka 2012 ukatoka mtindo wa kimataifa uitwao DASH. Leo video nyingi za simu hupita kwa njia ya namna hii.

Jambo kubwa ni kwamba kila kipande kimetayarishwa kwa ngazi kadhaa za ubora: 144p, 240p, 360p, 480p, 720p, 1080p. Simu hupima kipande kilichopita kilichukua muda gani kufika. Kikifika upesi, huitisha kinachofuata kwa ngazi ya juu. Kikichelewa, hushuka ngazi. Ndio maana picha huanza na ukungu kisha ikang'aa, au ikafifia ghafla ukiingia chumba cha ndani.

Simu pia huvuta vipande vya mbele kabla hujavifikia, ikaviweka akiba. Kiduara kikizunguka maana yake ni moja: akiba imekwisha kabla dumu jengine halijafika. Na ukifunga video katikati, ile akiba uliyokuwa hujaitazama umeshailipia.

Kivuko ndicho chembamba

Hapa ndipo penyewe. Kutoka ng'ambo hadi Mombasa njia ni pana. Kutoka mnarani hadi kwenye simu yako, video hupita hewani, na hewa hiyo twagawana na jirani zetu wote. Mfano wake twaujua: barabara ya kuja kisiwani yaweza kuwa pana na safi, lakini ukifika Likoni jioni, wote ni wa feri moja.

Mnara wa 4G uliopewa masafa ya upana wa MHz 20 waweza, kwa nadharia na kwa antena za kawaida, kutoa hadi Mbps 150 kwa upande mmoja unaouhudumia. Yaonekana ni nyingi. Lakini watu 100 wa upande huo wakitazama video ya Mbps 2 kwa wakati mmoja, wahitaji Mbps 200. Mnara hauna. Basi hugawa zamu, kila simu ikapata kidogo kidogo, na zote zikashuka ngazi. Saa kumi za alfajiri mnara huo huo, simu hiyo hiyo, video yapita bila kusita. Ukitaka kujua kama tatizo ni msongamano, jaribu saa hizo.

La pili ni umbali na kuta. Mawimbi ya masafa ya chini, kama MHz 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri. Ya juu hubeba mzigo zaidi lakini huchoka upesi. Nyumba za mawe za Mji wa Kale na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene ajabu. Wazee walijenga wapate ubaridi, nao ubaridi wakaupata, ila ukuta uliozuia jua wazuia na mawimbi ya simu. Paa la mabati nalo hurudisha mawimbi, hali la makuti huyapitisha. Simu iliyo ndani ya chumba cha nyuma hulazimika kutumiwa data polepole ili ifike salama, na kipande kilichopotea hurudiwa. Huko kurudia kwatumia nafasi ya mnara ambayo jirani angeipata.

La tatu ni mnara wenyewe umeunganishwa kwa nini. Mijini, minara mingi ina waya wa kioo chini yake. Visiwani na vijijini, aghalabu mnara huunganishwa na mwengine kwa redio, na huo kwa mwengine, hadi wafikie waya. Kila hatua ina kikomo chake. Simu yaweza kuonyesha 4G na vijiti vyote vimejaa, na video ikaganda vile vile. Vijiti vyakwambia wausikia mnara vizuri. Havikwambii mnara una nini cha kukupa.

Kwa nini TV ya antena haigandi hivi

Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, aliniuliza: "Mwanangu, TV ya antena twatazama mtaa mzima na haichoki. Simu mbona yachoka?" Swali zuri. Mnara wa TV hutuma wimbi moja. Watazame watu 10 au 100,000, wimbi ni lile lile. Video ya simu ni kinyume chake: kila mtu hupelekewa nakala yake peke yake. Nyumba yenye simu tano zinazotazama fainali moja yavuta mpira huo mara tano, na kama zote ni za bando, yaulipia mara tano. Mukikaa pamoja mukatazama kioo kimoja, mumejipunguzia gharama na mumempunguzia jirani msongamano.

Hesabu ya bando

Sasa tuje kwenye mfuko. Kuna hesabu moja tu ya kukumbuka: video ya Mbps 1 ikienda kwa saa nzima hula MB 450. Zidisha hapo. 360p hutumia kama nusu Mbps au zaidi kidogo, yaani MB 225 hadi 300 kwa saa. 480p ni karibu Mbps 1, basi ni MB 450. 720p ni kama Mbps 2 na nusu, basi imezidi GB 1. 1080p ya Mbps 4 ni GB 1.8 kwa saa.

Itazame hesabu hiyo vizuri. Kwa bando la GB 1, mwanafunzi anayefuata somo la hesabu kwa 360p apata saa tatu au nne. Kwa 1080p hafikishi dakika 40. Ubao ni ule ule, mwalimu ni yule yule. Na kwenye kioo cha simu cha inchi sita, baina ya 480p na 1080p wengi hawatambui tofauti wakiwa wameshika simu kwa umbali wa kawaida.

Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa redioni, kwenye TV na YouTube. Hapo ndipo wazazi wengi waligundua kuwa elimu ina uzito wa MB. Tangu hapo mambo hayajarudi nyuma: kazi za shule, mafunzo ya ufundi, hata masomo ya dini, mengi yako kwenye video. Mtoto anayekatikiwa na bando kila siku abaki nyuma kama asiyekuwa na kitabu.

Na programu hazina huruma. Simu ikiachwa ijichagulie, hupanda ngazi kila ipatapo nafasi, kwani imeundwa ikupe picha nzuri zaidi, haikuundwa ilinde mfuko wako. Kwa hivyo 4G nzuri yaweza kumaliza bando upesi kuliko 3G mbovu. Aliyehamia 4G akalalamika kuwa bando laibwa, mara nyingi haliibwi. Ngazi imepanda bila yeye kujua.

Mambo ya kufanya leo

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya YouTube na programu nyengine za video, uchague kiwango cha kuokoa data unapotumia bando. Ukitazama video moja, bonyeza alama ya mipangilio uchague 360p au 480p mwenyewe.

Pili, zima video zinazojicheza zenyewe. Facebook na YouTube zakuruhusu, na TikTok ina sehemu ya kuokoa data. Video fupi fupi ni hatari zaidi, kwa sababu ukitazama moja, simu huenda imeshavuta mbili tatu zinazofuata.

Tatu, kwenye WhatsApp zima kupakua video kiotomatiki kwa bando. Makundi ya familia ni matamu, lakini ile video iliyotumwa kwenye makundi manne yaweza kukuingilia mara nne.

Nne, penye Wi-Fi, pakua kabisa yale utakayoyatazama baadaye. Somo la mtoto la juma zima laweza kupakuliwa mara moja na kurudiwa mara kumi bila gharama.

Tano, kama nyumba yako ni ya mawe na una Wi-Fi, usikifiche kile kisanduku kwenye kabati la chini. Kiweke juu, katikati ya nyumba, karibu na uwazi wa ngazi au kiwanda. Ukipewa kuchagua, 2.4 GHz hupenya kuta zaidi, na 5 GHz ni ya kasi lakini yataka ukae chumba kimoja nayo.

Na kwa mnaorusha shughuli zenu wenyewe: anayerusha yuko upande mgumu zaidi. Simu yake yapaaza sauti kuufikia mnara kwa nguvu ndogo ya betri, na mitandao ya simu aghalabu hutoa kasi kubwa kwa wanaopokea kuliko wanaotuma. Picha ikiharibika pale, itakuwa mbovu kwa wote, hata aliye na intaneti bora huko Dubai. Mimi hupima kasi ya kutuma siku moja kabla, saa ile ile ya shughuli, kisha narusha kwa nusu ya nilichokipata. Picha ya 480p isiyokatika ina faida kuliko 1080p inayoganda wakati wa nikaha.

Mambo ya kudai pamoja

Yote hayo ni ya mtu binafsi. Lakini mnara hauongezwi kwa kubonyeza simu. Kampuni hujenga penye wateja wengi na faida, na visiwa na vijiji vyetu huja mwisho. Sheria yaitambua hali hiyo: kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ulio chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambao makampuni huuchangia ili mawasiliano yafike mahali ambapo biashara peke yake haitafika.

Basi tunapokutana na wawakilishi wetu, tusiridhike kuambiwa kuwa 4G imefika. Tuulize: mnara wetu umeunganishwa kwa waya au kwa redio? Wahudumia watu wangapi? Shule na maktaba zetu zina Wi-Fi ya wanafunzi kupakulia masomo? Na huduma ikiwa mbovu, Mamlaka hupokea malalamiko. Andikeni siku, saa, mahali na kasi mliyoipima. Malalamiko yenye takwimu hujibiwa kwa uzito kuliko kilio cha barazani.

Nyaya hizi zatua kwenye fukwe zetu kabla ya kwenda Nairobi, Kampala na Kigali. Si haki mtoto wa Faza au Kipini awe wa mwisho kunufaika nazo. Anza na ile mipangilio ya simu yako usiku wa leo, kisha tuandike hayo malalamiko.